Makala zinaozea kwenye rasimu: mnajuaje kwamba imetosha?

BintiMasese (Jinja)

Habari zenu wandugu.

Niko Jinja, Uganda, upande wa Masese, si mbali na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Nina blogu ndogo ya Kiswahili niliyoifungua ili niandike maisha ya huku ziwani: vijana wanaoingia majini usiku na taa za sola, akina mama wanaoanika mukene (dagaa wa kwetu), bei inavyoruka mwezi ukiwa mpevu kwa sababu mitumbwi haitoki. Hakuna anayenilipa. Mchana nauza vifaa vya simu, jioni nikishafunga duka ndipo naandika, kwenye simu hiyohiyo.

Shida yangu ni kwamba sichapishi. Makala zipo, zimelala kwenye rasimu. Kuna moja inayomhusu jirani yetu anayeanika mukene, ambaye nimemwangalia tangu nikiwa mdogo. Akitaka kujua kama mzigo umekauka, anachukua mukene mmoja wa katikati ya rundo, si wa juu, anaikunja kwa vidole viwili karibu na sikio. Ikivunjika kwa mlio, anaita wasichana waanze kukusanya. Ikipinda tu, anairudisha na kutazama mawingu upande wa ziwa. Hicho tu ndicho nilichotaka kuandika, yule mama na sikio lake.

Lakini nikianza, najiambia siwezi kuandika habari ya mukene bila kueleza wanavuliwaje. Basi naeleza taa. Nikieleza taa lazima nieleze nyavu, na nyavu zina sheria zake, na sheria ina askari wa ziwani. Halafu nakumbuka sangara na jinsi alivyobadilisha ziwa zima. Halafu soko, maana magunia yanaenda mpaka Sudan Kusini na Kongo. Ghafla nimefika Kongo na yule mama bado sijamtaja. Nafuta, naanza upya. Aya ya kwanza inaweza kunila jioni nzima mpaka umeme ukatike au betri iishe, na kusema kweli siku umeme ukikatika huwa nafurahi kidogo.

Kisha kuna picha. Ninazo nyingi, zote naziona hazifai: hii ina ndoo nyekundu, ile ina kivuli changu.

Na kubwa kuliko yote ni lugha yenyewe. Kuna siku niliweka aya mbili kwenye kundi la WhatsApp la wapenda Kiswahili. Mtu akajibu kwa ule msemo mnaoujua, kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Watu wakamwagika kwa vicheko. Hakusema nimekosea wapi. Tangu hapo nikiandika sentensi namwona yule mtu akiisoma. Rafiki yangu ananiambia niandike Kiingereza au Luganda yaishe. Sitaki. Wanunuzi wanaokuja mwaloni kutoka Kenya na Kongo tunaongea nao Kiswahili, na hiyo ndiyo lugha ya maisha ninayotaka kuyaandika.

Nyie mnaoandika mara kwa mara, mnajuaje kwamba makala imetosha? Na mtu akikukuta na kosa, unafanyaje?

Kapera_Iganga

Chapisha tu dada. Blogu mpya inasomwa na watu sita, na wanne kati yao ni ndugu zako.

WakalaMalaba

Dada wa Masese, karibu sana.

Kapera anasema kweli ila hajakusaidia. Ungekuwa mtu wa "chapisha tu" ungekwishachapisha na usingekuja hapa. Nijaribu kukujibu kwa namna ninavyofanya mimi, uchukue kinachokufaa.

Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani hapa Malaba. Usiku au alfajiri naandika blogu ya mpaka: madereva wanavyolala chini ya malori, mama wa chapati na maharage anayejua foleni itasogea saa ngapi kuliko sisi wenye kompyuta. Sasa, kazini kwangu kuna karatasi mbili. Kuna tamko la forodha, lenye msimbo wa bidhaa, uzito, thamani, nchi mali inakotoka. Tarakimu moja ikikosewa hapo lori linalala, dereva analala, mwenye mali anapiga simu kila baada ya nusu saa, na gharama za maegesho zinahesabika. Lile nalisoma, kisha nampa mwenzangu alisome, kisha nalisoma tena. Halafu kuna ujumbe ninaomtumia dereva kumwambia karatasi zimetoka, asogee. Ule nauandika huku natembea. Nikianza kuutunga kwa uangalifu wa tamko, dereva ataupata jua limezama. Uangalifu ni uleule na mtu ni yuleyule, ila karatasi mbili hazistahili kiasi kimoja.

Na makala ya blogu ina zote mbili ndani yake. Ndiyo maana inatuchanganya. Kuna sentensi ambazo zikikosewa zinamuumiza mtu, na kuna sentensi ambazo zikikosewa zinaniaibisha mimi peke yangu. Za kwanza nazitendea kama tamko. Za pili nazitendea kama ujumbe wa dereva.

Tuchukue ya kwako. Tuseme umeandika kwamba mukene wa mwalo fulani ana mchanga kwa sababu wanaanika chini. Hiyo ni sentensi nzito. Mnunuzi akiisoma anaweza kushusha bei, na wapo akina mama pale walioinua vichanja vya kuanikia kwa pesa yao ili wasiwe na mchanga. Sentensi hiyo ipe jioni nzima, ipe jioni mbili. Nenda uangalie, uliza, sema ni nani na si nani, au iondoe. Vivyo hivyo bei ya gunia, jina la mtu, shutuma ya askari wa ziwani, dawa, sheria. Hapo kaza kabisa na usiombe radhi kwa kukaza.

Aya ya kwanza je? Kivuli kwenye picha? Umetumia neno "halafu" mara nne? Hakuna mtoto atakayelala njaa kwa hilo. Sisemi liwe baya. Nasema lisome mara moja kwa sauti, mdomo utakwama wenyewe penye kasoro, rekebisha palipokwama, endelea.

Kuhusu makala inayofika Kongo: umeshaandika makala yako, dada. Umeiandika hapa juu. Vidole viwili, sikio, mukene wa katikati si wa juu. Mimi nimeishi na samaki wakavu wakipita mbele yangu kwenye magunia na sikujua hata siku moja kwamba kuna mtu aliyewasikiliza kwanza. Nilipofika hapo nilisimamisha chai. Kabla ya hapo na baada ya hapo nilikuwa nasoma tu. Habari za sangara kuingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 ni makala nyingine, nyavu ni nyingine, Sudan Kusini ni nyingine. Si lazima zote zipande mtumbwi mmoja. Mtu anayeandika kitabu analazimika kubeba yote kwa sababu msomaji hatamwona tena. Wewe msomaji utamwona wiki ijayo.

Hapo ndipo watu wengi wa blogu tunapojisahau. Tunaandika kana kwamba ni kitabu. Tangu zana hizi zilipoanza kuwafikia watu wa kawaida, Blogger mwaka 1999 na WordPress mwaka 2003, umbo lake limekuwa la shajara: ya leo inakaa juu, ya jana inashuka, na kila moja ina tarehe. Ile tarehe inakulinda. Inamwambia msomaji: hivi ndivyo nilivyojua siku hii. Ukijua zaidi mwezi ujao, unaandika ya pili na kuiunganisha na ya kwanza. Gazeti likishatoka mtamboni limetoka, lakini blogu unaifungua kesho yake na kurekebisha, na hata ukibadilisha kichwa cha makala iliyokwisha kuchapishwa, anwani yake inabaki ileile, watu uliowatumia hawapotei.

Kosa likionekana: la herufi narekebisha kimyakimya, halina haja ya tangazo. La bei, la jina au la jambo lililotokea, narekebisha na kuweka mstari mmoja chini, nimebadilisha nini na lini. Mstari mmoja tu. Ukianza kuandika aya ya kujitetea, watu wanaacha kusoma makala wanasoma utetezi. Na nimeona kitu cha ajabu: wasomaji wanaonisahihisha ndio wanaorudi. Dereva mmoja wa Eldoret ananirekebisha majina ya vituo vya mizani kila mara, kwa ukali kabisa, na hajawahi kukosa makala hata moja.

Nikuambie na jambo ambalo huenda hulipendi. Rasimu ina utamu wake. Makala ikiwa bado kwenye rasimu hakuna anayeweza kusema ni mbaya, na wewe mwenyewe unaweza kuendelea kuamini itakuwa nzuri sana siku moja. Ndiyo maana umeme ukikatika unafurahi. Mimi siamini kwamba wenye tabia hii wanapenda ubora kuliko sisi wengine. Wengi wanaogopa mtu mmoja, na kwako tunamjua, ni yule wa kundi la WhatsApp. Usimwandikie yeye. Hajui hata Masese iko wapi.

Picha: weka moja, ipunguze uzito. Msomaji wako ananunua data, na tangu Julai 2021 serikali ya Uganda inakata asilimia 12 juu ya data hiyo, baada ya kuachana na ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ya mwaka 2018. Picha tano za kupendeza ni gharama unayomtwisha mtu wa Namayingo asiyekuomba. Ndoo nyekundu iache. Mwaloni kuna ndoo.

Na zima ule usahihishaji wa simu. Yangu ilikuwa inageuza "sana" kuwa Santa.

Mwalimu_Mbarara

Nimesoma kwa makini. Nakubaliana na Wakala sehemu kubwa, ila kuna mahali naona amepita haraka mno, nami kwa kazi yangu siwezi kunyamaza.

Anasema makosa ya lugha yanamwaibisha mwandishi peke yake. Siyo kweli kabisa, hasa kwetu Uganda. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa katiba tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Vizuri. Sasa mwanafunzi wangu nikimwambia atafute kitu cha kusoma kilichoandikwa na Mganda, kuhusu Uganda, kwa Kiswahili, atapata nini? Kidogo sana. Basi hicho kidogo anachokipata ndicho anachokiiga. Blogu ya binti wa Masese, apende asipende, itakuwa kitabu cha kiada cha mtu fulani.

Lakini dada, usichukue maneno haya ukazidi kujifungia. Nayasema ili nifike kwenye namna ya kufanya. Mtu anayejaribu kurekebisha makosa yote kwa pamoja hajifunzi hata moja, nimeliona hilo darasani. Chagua kosa la aina moja. Wewe, kwa mfano, hapo juu umeandika "anachukua mukene mmoja, anaikunja, ikivunjika." Umeanza na "mmoja" ukamaliza na "i". Kwa usanifu samaki huchukua upatanisho wa viumbe: anamkunja, akivunjika. Je, nilielewa? Nilielewa papo hapo, na niliuona mkono wa yule mama. Kwa hiyo makala zako chache zijazo, angalia hilo tu la viumbe. Mengine yote yaache yapite. Likishakukaa mkononi, ongeza lingine. Kamusi ifungue ukishamaliza, kamwe usiifungue katikati ya sentensi, maana ukirudi sentensi itakuwa imepoa.

Kuhusu huo msemo wa Zanzibar na Kongo: nausikia tangu nikiwa chuoni, na kila anayeusema hudhani ni wa kwanza kuusema. Una ukweli wake wa kihistoria ambao wasemaji hawaujui. Rais Idi Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wengi wa kizazi cha wazazi wangu, hasa Buganda, walikisikia kwa mara ya kwanza kwa sauti kubwa kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa watu wenye bunduki. Lugha iliyofika nyumbani kwa mtu kwa njia hiyo haipendwi kwa amri ya Baraza la Mawaziri. Kiswahili cha mtu anayeeleza kwa utulivu namna jirani anavyokausha samaki, hicho ndicho hatujakuwa nacho cha kutosha. Kwa sababu hiyo nasema chapisha, huku nikiendelea kukusahihisha. Sioni ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

WakalaMalaba

Mwalimu, hapo umenipata. Nakubali kwamba kuna msomaji anayejifunza. Ila naomba tusimweke yule mwanafunzi wako mezani kwa dada wakati anaandika. Amkaribishe akishamaliza.

Salha_Arua

Salaam. Mimi ni Mnubi wa Arua, naandika kuhusu vitenge na ushonaji. Kwetu sokoni kwa siku moja unaongea Kinubi na jirani, Kilugbara na mteja, Lingala kidogo na waliovuka kutoka Kongo, na Kiswahili na wote waliobaki. Kwa hiyo ule msemo wa kuzikwa Kongo unatuchekesha sana huku, maana hao "waliokizika" ndio wanaokuja kununua kwetu kila wiki na tunapatana bei vizuri tu.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wa Binti, na mimi ulinitoka kwa njia ya sauti. Siandiki kwanza. Nabonyeza sauti kwenye WhatsApp namsimulia dada yangu aliyeolewa Bombo. Kwake siwezi kujifanya. Nikianza kuweka mbwembwe ananikatiza: "Salha, sema ulichokiona." Namwambia mteja aliyeleta kitenge cha yadi sita akitaka gauni lake na mashati ya watoto wawili, namna nilivyokipima mara kwa mara juu ya meza nikitafuta maua yakutane penye mshono, na akasema maua yasipokutana si neno, watoto wanakua. Namwambia tu. Kisha nasikiliza na kuandika nilivyosema, naondoa salamu na habari za shangazi, naongeza kichwa. Imeisha.

Ukiandika kwa "wasomaji" unatafuta maneno makubwa. Ukimsimulia mtu mmoja unayempenda, na anayekuchoka haraka, maneno yanakuja yenyewe, na unajua pa kukomea kwa sababu ukirefusha atakata simu.

Jambo moja nampinga Wakala. Anasema makosa ya herufi ayarekebishe kimyakimya baadaye. Mimi sirudi kabisa wiki ya kwanza. Nikirudi kwa ajili ya herufi moja najikuta nabadilisha aya nzima, na jioni imekwenda bila makala mpya. Anayejijua ana mkono mwepesi wa kufuta, asifungue mlango huo. Kama kuna bei imekosewa, hiyo sawa, rudi mbio. Herufi zitasubiri.

WakalaMalaba

Sawa Salha. Kwa mtu mwenye tabia ya Binti pengine wewe ndiye uko sahihi zaidi.

BintiMasese (Jinja)

Asanteni sana, nyote. Mwalimu, umenionyesha "i" yangu mbele za watu na cha kushangaza sikufa. Ni afadhali mara mia kuliko yule wa msemo, kwa sababu sasa najua cha kufanya.

Jana nimefanya hivi. Nimeikata ile makala. Taa nimezitoa, nyavu nimezitoa, sangara na Sudan Kusini nimewapa rasimu zao wenyewe. Amebaki jirani na mzigo wake, tangu anapotandaza asubuhi mpaka anapoita wasichana. Ni fupi kuliko nilivyozoea, inaishia pale wanapofunga gunia na kulikanyaga ili liingie zaidi. Mwanzoni niliona haina mwisho. Nikajaribu kuongeza aya ya kusema uvumilivu wa akina mama wa ziwani na kadhalika, nikaisoma kwa sauti alivyosema Wakala, ikanikwama kooni, nikaitoa.

Bei nimeiuliza kwa watu tofauti na nimeandika kwamba ni bei ya siku hiyo, hapo hapo mwaloni. Sentensi ya mchanga nilikuwa nayo kweli, Wakala sijui ulijuaje. Nimekwenda kuangalia. Jirani yangu anaanika juu ya nyavu zilizotandikwa, wengine wana vichanja, wengine chini kabisa. Nimeandika anavyofanya yeye tu, wengine sijawagusa.

Kilichobaki ni picha. Ninayo moja nzuri, uso wake unaonekana, ameinamisha kichwa na mukene yuko sikioni (Mwalimu, umeona, "yuko"). Nilimwomba akasema "piga tu mwanangu." Lakini hana simu ya intaneti, na sidhani anajua kwamba nikiiweka huko hata mtu wa Nairobi ataiona. Niiweke au hilo nalo ni kuogopa kwangu kwa kawaida?

WakalaMalaba

Hapana, hilo si kuogopa kwa kawaida. Hilo ni tamko la forodha. Umeuliza swali sahihi.

Sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2019 na inataka ridhaa ya mtu, lakini hata isingekuwepo: "piga tu" alikuambia wewe, jirani, si mtu wa Nairobi. Mpelekee simu. Mwonyeshe ukurasa wenyewe, makala nyingine yenye picha ya mtu, umwambie yeyote popote anaweza kuifungua, na kwamba ikishatoka watu wanaweza kuichukua na huwezi kuirudisha yote. Msomee na ulichoandika kumhusu. Akikubali baada ya hapo, weka. Akisita hata kidogo, kata picha ibaki mikono na mukene, wala usimlazimishe kutoa sababu. Na jina lake usiliweke kama hakuna haja, "jirani yetu" inatosha.

Hilo lifanye kesho. Usiseme "nitafanya nikipata nafasi", maana najua nafasi hizo zinavyokwenda.

Kapera_Iganga

Na ukichapisha utume kiungo kwenye WhatsApp, si Facebook. Tangu serikali iifunge Januari 2021 mimi bila VPN, ile programu ya kukwepa kizuizi, siingii, na VPN inakula betri.

Salha_Arua

Binti, kama atakubali kusomewa, rekodi anavyocheka akisikia habari zake mwenyewe. Siyo ya kuweka. Ya kwako.

Mwalimu_Mbarara

Nimeiona "yuko". Kiungo kikitoka nitasoma jioni hiyohiyo. Marekebisho yangu safari hii nitakuandikia pembeni, na yatakuwa ya viumbe tu. Nikikutajia la aina nyingine, nikumbushe niliyoyasema mwenyewe.